Umefuta mafaili kibao, mbona diski bado imejaa?

Kijana mmoja mpiga picha za harusi aliegesha baiskeli mlangoni kwangu, Barabara ya 12 hapa Ngamiani, Tanga, akaitua laptopu mezani kabla hata salamu hazijaisha. "Fundi, nimefuta tangu alfajiri. Nimefuta mpaka kidole kinauma. Hebu angalia mwenyewe." Nikaangalia. Mstari wa diski C ulikuwa mwekundu. Windows huupaka rangi hiyo nafasi ikibaki chini ya asilimia 10, na yeye alikuwa amebakiwa na MB 900 kati ya GB 237.

Kosa lake ni la wengi. Alifuta kinachoonekana, hakupima kinachokula. Dalili zilizo hapa chini nimezipanga kwa namna zinavyoletwa mezani kwangu. Maelezo ni ya Windows 10 na 11, maana ndizo ninazoletewa zaidi. Mac na simu nitazigusa panapobidi.

Neno moja kabla ya kuanza: kitu ambacho hakipigwi picha mara ya pili, kama harusi, mazishi au mtoto akitembea kwa mara ya kwanza, kinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje. Ukishanakili, fungua nakala mbili tatu uone kama zinacheza. Nimeona watu wanaohakikisha baada ya kufuta.

"Nimefuta, lakini nafasi haijarudi"

Ukibonyeza Delete, faili haliondoki kwenye diski. Windows hulihamishia kwenye folda iliyofichwa iitwayo $Recycle.Bin, humo humo ndani ya diski ile ile, nawe unaliona kupitia ile ndoo ya taka ya kwenye deskitopu. Ni kama kutoa viti sebuleni ukavirundika ukumbini: sebule imepumua, nyumba haijapungua kitu.

Nikaifungua ndoo ya yule kijana. Chini kushoto paliandikwa vitu 11,642. Nikabofya kitufe cha kulia, nikachagua Empty Recycle Bin, nikakubali, tukasubiri. Alipata GB 12 na ushei. Mstari ukabaki mwekundu vile vile.

"Mbona nilifuta zaidi ya hizo?" Ndoo nayo ina kikomo chake, kinachopangwa kulingana na ukubwa wa diski. Ikifurika, vitu vya zamani hutupwa moja kwa moja bila kukuuliza. Basi yale aliyoyafuta alfajiri yalishaondoka kweli, na nafasi yake ilikuwa imeshalika tena, kwa sababu tutakayoiona punde.

Kuna mambo mawili watu huyakosa hapa. Kwanza, kila diski ina ndoo yake, japo ikoni ni moja inayozionyesha zote. Ukifuta vitu vya D, usitarajie C ipungue. Pili, kwenye kompyuta ya ofisi yenye watumiaji kadhaa, kila mtumiaji ana ndoo yake mwenyewe. Ukimwaga yako, ya mwenzako wa zamu ya jioni inabaki palepale mpaka naye aingie kwa jina lake aimwage.

Flashi mambo yake ni mengine. Kwenye Windows flashi haina ndoo: ukifuta, imetoka. Lakini ikiwa imepitia kwenye Mac, vitu vilivyofutwa kule hukaa kwenye folda iliyofichwa iitwayo .Trashes. Ukiichomeka kwako unaona flashi tupu iliyojaa. Irudishe kwenye Mac, mwage taka ikiwa bado imechomekwa, au washa uonyeshaji wa vitu vilivyofichwa uifute folda hiyo mwenyewe.

"Nimefuta maelfu, nimepata kiduchu"

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Mwalimu mmoja wa Muheza alinijia baada ya kufuta mitihani ya miaka 6. Hati 3,800, moja moja kwa macho, wikiendi nzima. Hati ya kawaida ya Word isiyo na picha ina kama KB 40. Zidisha: ni MB 150 tu. Kwenye laptopu ile ile, ndani ya folda ya Downloads, kulikuwa na video ya safari ya wanafunzi kwenye mapango ya Amboni, dakika 9, imepigwa kwa 4K, GB 3 na zaidi. Nayo ilikuwa mara mbili, maana aliipakua leo, kesho akasahau akaipakua tena. Nilimwonyesha, Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena akatazama upya. Mitihani yake ya miaka 6 haikufika hata dakika moja ya video hiyo.

Kwa hiyo usishike Delete kabla hujapima. Mimi hutumia WizTree au WinDirStat. Zote ni za bure kwa matumizi ya nyumbani, na zinakuonyesha diski nzima kama kiwanja kilichokatwa viplotiploti, plotu kubwa ndiyo folda kubwa. Usipotaka kuweka programu mpya, fungua diski yako kwenye Explorer (dirisha la mafaili la Windows), kwenye kisanduku cha kutafutia andika size:>1GB, kisha panga kwa ukubwa. Mara nyingi utakuta mafaili kama 20 ndiyo yaliyoshika nusu ya diski, na hutachoka kidole.

Kwa mpiga picha wetu, WizTree ilituonyesha plotu kubwa mahali ambapo hakuwahi kuingia maishani mwake: ndani ya AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka vitu vyake, kulikuwa na folda ya akiba ya programu yake ya kuhariri video. Ilikuwa GB 58. Programu za namna ile hutengeneza mafaili ya muda ili video iende bila kukwama wakati wa kukata, na harusi ikishakabidhiwa mafaili hayo yanabaki. Ukiyafuta, video zako halisi haziguswi. Ukifungua tena mradi wa zamani programu itayatengeneza upya, itakuchukua dakika kadhaa tu. Ila yafute ukiwa ndani ya mipangilio ya programu yenyewe, penye kitufe cha kusafisha akiba, usiende kuchomoa folda kwa mkono wakati programu iko wazi. Na hii ndiyo iliyokuwa ikijaza nafasi nyuma yake: alifuta huku, programu imewashwa inatengeneza kule. Tulipomaliza, mstari uligeuka buluu.

Baada ya hapo ndipo ukamate vingi kwa mkupuo. Panga folda kwa aina au kwa ukubwa, bofya cha kwanza, shika Shift, bofya cha mwisho: vyote vya katikati vimeshikwa. Ukitaka kuachia kimoja kilichomo kati, shika Ctrl ukibofye. Ctrl na A hushika vyote. Kabla ya kufuta tazama chini kushoto: idadi na ukubwa wa ulivyovishika vimeandikwa. Ukiona idadi inayokushangaza, simama.

Tahadhari juu ya nakala pacha. Wengi hutafuta majina yenye (1) wakafuta yote wakiamini ni marudio. Kwa hati ulizopakua mara mbili kutoka WhatsApp, mara nyingi ni kweli. Kwa picha za kamera ni hatari. Kamera nyingi zikifika picha ya 9999 huanza tena 0001, hivyo DSC_0001 ya harusi ya Raskazone na DSC_0001 ya maulidi ya mwaka uliofuata ni picha mbili zisizojuana. Ukizimimina kwenye folda moja na kukubali kubaki na zote mbili, Windows huipa mojawapo alama. Linganisha ukubwa na tarehe, kisha fungua uone kwa macho.

Kuna na jambo la pembeni, ila lilinisumbua siku nzima zamani: faili dogo linaweza kula nafasi kubwa kuliko ukubwa wake. Diski hugawa nafasi kwa vipande, na faili hata likiwa na KB 1 hupewa kipande kizima. Flashi ya GB 64 iliyofomatiwa kwa exFAT kwa kawaida hugawa vipande vya KB 128. Weka humo vifaili 10,000 vya KB 1, vitashika zaidi ya GB 1. Ukibofya Properties utaona mistari miwili, Size na Size on disk. Unaolipa ni wa pili. Vikusanye viwe zip moja, tatizo limekwisha.

"Sijaweka kitu, C inajaa yenyewe"

Windows ina ghala zake. Ukibonyeza kitufe cha Windows na R, ukaandika %temp%, utaingia kwenye folda ya mafaili ya muda. Sisi wa Tanga tunasemwa waja leo, waondoka leo. Haya yamekuja leo na hayajaondoka tangu mwaka juzi. Funga programu zote, shika yote, futa, na yanayogoma uyaruke. Hayo yanatumika.

Kisha andika cleanmgr kwenye kisanduku kile kile. Hiyo ni Disk Cleanup. Bofya kitufe cha kusafisha mafaili ya mfumo ili iyaone na masalia ya masasisho. Ukikuta Windows.old, ujue ni Windows yako ya zamani iliyobaki baada ya kupandisha toleo. Inaweza kuwa na zaidi ya GB 10. Kwa kawaida mfumo huifuta wenyewe baada ya siku 10, na ukishaifuta huwezi tena kurudi toleo la nyuma. Soma kila mstari kabla ya kutia tiki: kuna matoleo ya Windows 10 ambayo Disk Cleanup iliiweka folda ya Downloads kwenye orodha hiyo, na watu walitia tiki kotekote kama wanaojaza fomu.

Laptopu ya RAM ya GB 8 huwa na faili liitwalo hiberfil.sys lenye GB 3 hivi, la kuhifadhia kazi mashine inapolala usingizi mzito. Kama hutumii usingizi huo, fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi uandike powercfg /h off. Faili litatoweka. Gharama yake: kompyuta itachelewa kidogo kuwaka, maana uwashaji wa haraka nao hulitegemea.

Folda ya WinSxS utaiona kubwa na itakutamanisha. Usiiguse kwa mkono. Sehemu kubwa ya yaliyomo ni mafaili yale yale ya mfumo yanayoonekana mahali pawili, Explorer ikayahesabu mara mbili. Disk Cleanup inajua cha kutoa humo.

Na kabla hujalalamika kwamba uliuziwa diski ndogo: muuzaji anahesabu GB kwa bilioni, Windows inahesabu kwa 1024 mara tatu. Diski ya GB 500 itasomeka 465, ya TB 1 itasomeka 931. Hujaibiwa.

"Inafuta tangu adhuhuri, haimalizi"

Kufuta video moja ya GB 20 ni sekunde. Kufuta vifaili 200,000 vya KB 3 kunaweza kula saa nzima, maana kila kimoja kina kumbukumbu yake ya kufutwa kwenye orodha ya diski, Explorer huvihesabu vyote kwanza kabla haijaanza, na kinga ya virusi nayo huchungulia. Kwenye diski ya kuzunguka ya zamani ndiyo usiseme.

Ukiwa na hakika kabisa ya folda usiyoitaka, pita mlango wa nyuma. Kwenye Command Prompt andika:

rd /s /q "D:\Kazi\Vya kutupa"

Hii haihesabu, haipiti kwenye ndoo na haiulizi mara mbili. Ndiyo sababu ya haraka yake, na ndiyo sababu mimi huisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter. Jamaa yangu mmoja aliacha jina la folda akabaki na D:\ peke yake. Siku ile chai haikunyweka.

Umeme ukikatika katikati, na hapa kwetu msimu wa mvua si jambo geni, usianze kufuta upya mara tu unaporudi. Andika kwanza chkdsk D: /f uache orodha ya diski ipangwe. Ikikuachia folda iitwayo found.000, ndani yake mna vipande visivyo na mwenyewe. Chungulia, kisha ufute.

"Faili linagoma"

Soma ujumbe, kila ugomvi una maneno yake.

Likisema linatumika na programu nyingine, ifunge programu hiyo. Usipoijua, washa upya kompyuta ukafute kabla hujafungua chochote. Likidai ruhusa ya TrustedInstaller, liache. Hilo ni la mfumo, na anayekufundisha kwenye video namna ya kulinyang'anya hatakuwepo Windows ikigoma kuwaka.

Likilalamika kwamba jina ni refu mno, tatizo ni folda ndani ya folda ndani ya folda. Njia nzima ikizidi herufi 260 hivi, Explorer hukwama. Mara nyingi inatosha kuzibadili folda za juu majina ziwe herufi moja moja, a, b, c, njia ikafupika. Ikishindikana, tengeneza folda tupu C:\tupu, kisha robocopy C:\tupu "D:\folda sugu" /MIR huifanya ya pili ifanane na ya kwanza, yaani iwe tupu. Angalia mara tatu jina la pili. Kila kilichomo humo kinakwenda.

Likisema halipo wakati unaliona kwa macho, huenda jina linaishia kwa nafasi au nukta, jambo ambalo Windows hailiwezi. Andika del ukianza njia kwa \\?\ mbele ya C:\, yote ndani ya alama za kunukuu, nalo litatii.

"Flashi imejaa, ndani hamna kitu"

Hii huja sana kutoka kwenye mashine za kuprinti zinazopitiwa na kila mtu. Virusi huficha folda zako na kukuwekea vishale vya njia ya mkato vyenye majina yale yale. Mtu anaona vishale, anavifuta, kisha anafomati kwa hasira. Hapo ndipo hasara halisi inapoingia. Mafaili yako yapo. Safisha kwanza kompyuta kwa kinga ya virusi, halafu, flashi ikiwa E, andika kwenye Command Prompt:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza. Futa vishale, nakili vyako, ndipo ufomati.

Flashi au kadi ya kamera ikikataa kufuta ikisema imelindwa, tazama ubavuni mwa kadi kama kuna kitufe kidogo cha kufungia, kirudishe juu. Kama hakipo, mara nyingi flashi yenyewe inakufa na imejifunga ili isomeke tu. Nakili ulichonacho leo leo.

"Nimefuta kwenye kompyuta, na kwenye simu zimetoweka"

Folda ya OneDrive au Google Drive ni kioo cha kilicho mtandaoni. Ukifuta huku, kule nako kunafutwa. Kama shida yako ni nafasi tu, kwenye OneDrive bofya folda kitufe cha kulia uchague Free up space: faili hubaki mtandaoni na kwako linabaki jina. Ukishakosea, kimbilia ndoo ya huko mtandaoni. Google Drive hushikilia siku 30, Google Photos huzishikilia picha zilizohifadhiwa mtandaoni siku 60.

"Nimefuta nisichotaka"

Ikiwa ni sasa hivi na hukutumia Shift na Delete pamoja (hizo hufuta bila kupitia ndoo), bonyeza Ctrl na Z, au urudishe kutoka kwenye ndoo. Ikiwa ndoo imeshamwagwa, jambo la kwanza ni kuacha kuitumia diski hiyo. Usipakue programu ya kurudisha mafaili juu yake, maana unaweza kuiandikia palepale ilipolala video yako. Tumia kompyuta nyingine, hamishia yaliyopatikana kwenye diski nyingine. Kwenye diski ya kuzunguka kuna matumaini ya kweli. Kwenye SSD, yaani diski mpya zisizozunguka, Windows huiambia diski isafishe nafasi iliyoachwa, na baada ya muda mfupi hakuna cha kurudisha.

Mzee mmoja wa Pangani alifanya sawasawa bila kufundishwa na mtu. Alifuta video ya arusi ya binti yake kwenye kompyuta ya mezani, akachomoa waya ukutani, akaipakia mashine kwenye basi, akaileta kwangu ikiwa imefungwa kwenye shuka. "Mwanangu, sijaigusa tangu jana." Diski ilikuwa ya kuzunguka. Video ilirudi yote isipokuwa dakika mbili za mwisho, watu wakiwa wamekwisha kula. Akaniomba nimfutie na takataka nyingine mashine ipumue. Nikamwambia, mzee, nenda kwanza dukani ulete diski ya nje, nami nakusubiri.